Waya au Mpokezano? Safari ya Elektroni Ndani ya Viumbe Hai

Katika Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, Lars Peter Nielsen na wenzake walijaza vyombo vya kioo kwa tope lililochotwa kwenye ghuba ya jirani, wakalifunika kwa maji ya bahari yenye oksijeni, kisha wakasubiri. Tope la namna hiyo ni jeusi na hunuka mayai viza. Aliyewahi kukanyaga penye mikoko maji yakiwa yamekupwa anaijua harufu hiyo. Ni ya hidrojeni salfaidi, gesi inayotengenezwa na bakteria pale ambapo oksijeni haifiki. Baada ya wiki kadhaa vipimo vilionyesha jambo lisilotarajiwa: salfaidi ilikuwa inateketea zaidi ya sentimita moja chini, ilhali oksijeni iliishia milimita chache za juu. Walipoiondoa oksijeni kwenye maji, hali ya salfaidi kule chini ilibadilika ndani ya muda usiofika saa moja. Hakuna kemikali inayoweza kupenyeza kwenye tope umbali huo kwa muda mfupi hivyo. Kilichobaki ni elektroni. Kundi hilo lilichapisha matokeo yake katika jarida la Nature mwaka 2010, na wasomaji wengi waliyapokea kwa mashaka.

Mashaka hayo yalikuwa na msingi. Kiumbe hai kimejengwa kwa protini na mafuta, vitu ambavyo fundi umeme angevitumia kuhami waya wala asingefikiria kupitishia umeme. Swali la jinsi elektroni inavyovuka vitu hivyo limewagawa wanasayansi tangu miaka ya 1940, na limeibuka mara tatu: kwenye protini, kwenye DNA, na kwenye bakteria. Mabishano yamekuwa yaleyale kila mara. Je, ndani ya viumbe kuna waya, ambamo elektroni hutiririka kama kwenye shaba, au kuna mpokezano, ambamo elektroni hukabidhiwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa hatua fupi? Ukizitazama kesi hizi pamoja, mpokezano umeshinda karibu kila mahali ushahidi ulipotosha. Kesi ya tope la Aarhus ndiyo ambayo bado haijakubali kuingia kwenye kundi hilo.

Urefu wa mkono

Kupumua ni kazi ya elektroni. Chakula hutoa elektroni, oksijeni huzipokea, na nishati inayopatikana njiani ndiyo inayotuweka hai. Mwaka 1941 Albert Szent-Györgyi, Mhangaria aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel, alipendekeza kwamba protini hupitisha elektroni kwa namna ya vitu yabisi vinavyopitisha umeme. Wazo lilivutia, lakini ushahidi haukuwepo.

Ushahidi wa kwanza mzito ulikuja mwaka 1966 kutoka kwa Don DeVault na Britton Chance wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Walimulika kwa leza bakteria wanaotumia mwanga wa jua, jenasi ya Chromatium, wakapima kasi ambayo protini iitwayo saitokromu ilitoa elektroni yake. Kadiri walivyowapoza bakteria hao, kasi ilipungua, kama inavyotarajiwa kwa mmenyuko wowote wa kikemia. Ila walipofika chini ya kelvini 100 hivi, yaani karibu nyuzi 170 chini ya sifuri, kasi haikupungua tena. Mmenyuko wa kawaida huhitaji joto ili kuruka kizuizi. Hapa elektroni ilikuwa inakipenya kizuizi chenyewe. Fizikia ya kwanta inaruhusu hilo, kwa kuwa elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi halikatiki ghafla kwenye ukingo wa molekuli. Hufifia taratibu kuelekea upande wa pili. Rudolph Marcus alikuwa ameshaanza mwaka 1956 kueleza jinsi mazingira ya molekuli yanavyopaswa kujipanga kabla elektroni haijahama, kazi iliyompatia Nobel ya kemia mwaka 1992.

Shida ni kwamba wimbi hilo hufifia haraka mno. Mwaka 1999 Leslie Dutton na wenzake, nao wa Pennsylvania, walikusanya data za protini nyingi ambazo maumbo yake yanajulikana, wakatoa kanuni rahisi: kila umbali unapoongezeka kwa takriban nanomita 0.17, kasi hupungua mara 10. Ukipiga hesabu kwa kanuni hiyo, huku masharti mengine yote yakiwa mazuri, kwa nanomita 1.4 elektroni inaweza kuvuka mara milioni kadhaa kwa sekunde. Kwa nanomita 2.5 ni mara moja hivi kwa sekunde. Kwa nanomita 4 ungesubiri zaidi ya miaka 20. Na walipochunguza protini za kupumua na za usanisinuru, waliona kwamba vituo vinavyokabidhiana elektroni havikai mbali zaidi ya nanomita 1.4.

Mpangilio huo ni kama wa vibarua wanaopandisha zege ghorofani kwa kupokezana karai. Mkono wa kibarua haurefuki; jengo likiwa refu unaongeza watu kwenye mstari. Protini kubwa ya kwanza kwenye mnyororo wa kupumua inalionyesha hilo waziwazi. Leonid Sazanov na Philip Hinchliffe, wakiwa Cambridge, walichapisha mwaka 2006 umbo la sehemu yake inayobeba elektroni, kutoka kwa bakteria wa maji ya moto aitwaye Thermus thermophilus. Vishada saba vya chuma na salfa vimepangwa kama mnyororo wa nanomita 9 hivi, kila kimoja kikiwa karibu na mwenzake. Protini inayofanana na hiyo inafanya kazi kwenye seli zako unaposoma sentensi hii.

DNA: pande mbili zilizopima vitu viwili

Watson na Crick walipoeleza umbo la DNA mwaka 1953, ilionekana kwamba besi zake bapa zimelaliana kama sarafu, nanomita 0.34 kati ya moja na nyingine. Mwaka 1962 Eley na Spivey walidokeza kwamba rundo hilo linaweza kuwa njia ya elektroni. Miaka 30 ilipita kabla ya mtu kulipima wazo hilo kwa namna iliyotikisa uwanja.

Mtu huyo ni Jacqueline Barton wa Caltech, Marekani. Mwaka 1993 kundi lake lilitengeneza kipande cha DNA chenye jozi 15 za besi. Upande mmoja walifunga molekuli yenye rutheniamu, upande wa pili yenye rodiamu, na kila moja huingiza ulimi wake katikati ya besi. Rutheniamu ikimulikwa hung'aa. Rodiamu ikiinyang'anya elektroni, mng'ao huzimika. Zilikuwa zaidi ya nanomita 4 mbalimbali, na mng'ao ulizimika ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde, haraka kuliko chombo kilivyoweza kufuatilia. Kwa kanuni ya protini, elektroni hiyo ilipaswa kungoja miaka.

Wengi hawakukubali. Frederick Lewis na Michael Wasielewski wa Northwestern walipima mwaka 1997 kwa vipande vifupi vya DNA vilivyokunjwa kama pini ya nywele, wakapata kwamba kasi inapungua mara 10 kwa kila nanomita 0.36 hivi. DNA ilikuwa njia bora kuliko protini, lakini haikuwa shaba.

Kilichofungua fundo ni kubadilisha swali. Badala ya kuuliza elektroni ina kasi gani, watafiti wakauliza inatoka wapi. Kati ya besi nne za DNA, gwanini ndiyo inayopoteza elektroni kwa urahisi zaidi, na gwanini mbili zikifuatana urahisi huongezeka. Ukichokoza ncha moja ya DNA ikapoteza elektroni, linabaki pengo. Elektroni ya jirani inaliziba pengo hilo na kuacha jingine nyuma yake, kwa hiyo pengo linaonekana likisafiri hadi linase kwenye gwanini na kuiharibu. Kipimo chake ni rahisi kukiona kwa macho: DNA hukatwa kwa kemikali mahali palipoharibika, vipande vinatenganishwa kwa umeme kwenye jeli, na mstari mweusi kwenye jeli unakuambia ni gwanini ipi iliyoumia. Kwa njia hiyo kundi la Barton lilionyesha mwaka 1996 uharibifu uliotokea zaidi ya nanomita 3 kutoka mahali pa uchokozi, na mwaka 1999 likafika nanomita 20.

Jibu la wazi zaidi lilitoka kwa Bernd Giese wa Basel, Uswisi, mwaka 2001. Alitengeneza DNA zenye gwanini pande zote mbili, katikati akaweka jozi za adenini na thaimini, akiongeza moja moja. Kutoka jozi moja hadi tatu, kiasi cha uharibifu kilichofika kwenye gwanini za upande wa pili kilishuka kwa kasi kila alipoongeza jozi. Kuanzia ya nne, kuongeza jozi zaidi karibu hakukuleta tofauti. Maelezo yake: umbali ukiwa mfupi, pengo hupenya moja kwa moja kutoka gwanini hadi gwanini, na kupenya huadhibiwa vikali na umbali. Umbali ukizidi, njia hiyo inakuwa ghali, na pengo hupanda juu ya adenini zenyewe likaruka kutoka moja hadi nyingine. Hapo adhabu ya kila hatua ya ziada ni ndogo. Gary Schuster wa Georgia Tech aliongeza kwamba DNA haitulii. Besi hutikisika, na pengo hujitandaza juu ya besi kadhaa kwa pamoja na kusogea mtikisiko unapolipa nafasi. Waliobishana tangu 1993, kwa sehemu kubwa, walikuwa wamepima sehemu tofauti za safari moja.

Wanafizikia walipoichukua DNA kama kifaa cha elektroniki, vurugu ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1999 Fink na Schönenberger waliripoti kwamba inapitisha umeme vizuri. Mwaka 2000 kundi la Cees Dekker la Delft, Uholanzi, lilikuta kwamba kipande cha nanomita 10 ni nusu-kipitishi. Mwaka 2001 Kasumov na wenzake waliripoti kwamba kwenye baridi kali, ikiunganishwa na metali za upitishaji mkuu, yaani zinazopitisha umeme bila ukinzani, hata DNA huonyesha tabia hiyo. Mwaka huohuo Delft wakasema kwamba zaidi ya nanomita 40 ni kihami kabisa. Molekuli moja ikapewa vyeo vyote vinne. Tofauti zilitokana na chumvi iliyobaki, ukavu, jinsi DNA ilivyobanwa juu ya kitako chake, na jinsi ilivyounganishwa na elektrodi. DNA iliyokauka juu ya kitako cha maabara ina umbo tofauti na ile iliyo ndani ya maji, na njia ya elektroni hutegemea umbo.

Ndoto ya saketi za DNA ilififia, lakini udhaifu uleule ukawa na faida. Besi moja ikikosewa, rundo linaharibika na mkondo unashuka. Mwaka 2011 kundi la Barton lilipitisha mkondo kwenye DNA ya jozi 100, urefu wa nanomita 34, na kosa moja tu lilitosha kuupunguza. Vipimo vya kutambua kasoro za jeni kwa umeme vinajengwa juu ya msingi huo.

Je, seli yenyewe inautumia mkondo huo? Barton amependekeza kwamba protini za kurekebisha DNA zenye vishada vya chuma na salfa hutumiana elektroni kupitia DNA: ikifika, njia iko salama, isipofika, kuna hitilafu ya kutafutwa. Mwaka 2017 kundi lake lilipanua wazo hilo hadi kwenye kimeng'enya kinachoanzisha unakili wa DNA ya binadamu, na wataalamu wa maumbo ya protini walilipinga katika jarida lilelile la Science. Kwa maoni yangu, mambo haya mawili hayana uzito sawa. Kwamba elektroni husafiri kwenye DNA limethibitishwa. Kwamba seli hutumia safari hiyo kukagua DNA yake ni dai ambalo bado linadaiwa ushahidi.

Bakteria wanaopumua kutu

Mwaka 1987 Derek Lovley na wenzake walieleza bakteria kutoka tope la mto Potomac, karibu na Washington, ambaye baadaye aliitwa Geobacter metallireducens. Anapumua chuma kilichooksidika, yaani kutu, badala ya oksijeni. Mwaka uliofuata Charles Myers na Kenneth Nealson walimweleza mwingine kutoka ziwa Oneida, New York, anayepumua manganizi. Leo anaitwa Shewanella oneidensis. Oksijeni huingia ndani ya seli. Kutu haiingii. Kwa hiyo bakteria hawa lazima watoe elektroni nje, kupitia tando mbili za mafuta.

Kwa Shewanella jibu lilikuwa la aina iliyokwisha kujulikana. Protini tatu huungana: moja ni bomba linalotoboa utando wa nje, na nyingine mbili hubeba hemu 10 kila moja. Hemu ni molekuli yenye chuma katikati, ndugu wa ile inayofanya damu iwe nyekundu. Umbo kamili la protini hizo lilichapishwa mwaka 2020, na ndani yake kuna mstari wa hemu 20 unaovuka utando kutoka upande hadi upande.

Geobacter alikuwa na jambo lingine. Ana nyuzi zinazotoka nje ya seli kwa mikromita kadhaa, na mwaka 2005 Gemma Reguera, Lovley na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliripoti kwamba nyuzi hizo hupitisha umeme. Waliziita vinyweleo vya kawaida vya bakteria, vilivyojengwa kwa protini isiyo na hemu. Mwaka 2011 Nikhil Malvankar, akiwa kwenye kundi hilo, alionyesha kwamba upitishaji huongezeka nyuzi zinapopozwa kutoka joto la kawaida, tabia ya metali. Watafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani, wakiongozwa na Leonard Tender, walipinga. Kwao vipimo vya utando wa bakteria juu ya elektrodi vilikuwa na alama zote za mpokezano. Mabishano yalidumu miaka mingi kwa kuwa hakuna aliyeweza kuuona ndani uzi wenyewe.

Mwaka 2019 uzi ulionekana. Makundi mawili tofauti, kwa hadubini ya elektroni inayotazama molekuli zilizogandishwa, yaligundua kwamba nyuzi zile hazikuwa vinyweleo. Ni saitokromu iitwayo OmcS, zimepangwa moja juu ya nyingine kwa wingi, kila moja na hemu sita, na hemu zote zinashikana katika mnyororo usiokatika, nafasi kati yao zikiwa chini ya nanomita 0.6. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwa Malvankar mwenyewe, sasa akiwa Yale, pamoja na Edward Egelman wa Virginia. Mwaka 2021 kundi la Yale likaeleza kwa nini kuondoa jeni la vinyweleo kuliondoa pia upitishaji: vinyweleo husukuma saitokromu zitoke nje ya seli. Ushahidi wa awali ulikuwa sahihi; kilichokosewa ni mhusika. Lovley ameendelea kutetea vinyweleo, lakini mzigo wa kuthibitisha umehamia kwake.

Kebo za Aarhus

Hapo ndipo tope la Denmark linapoleta tabu. Mwaka 2012 Christian Pfeffer, Nielsen na wenzao walitambua msafirishaji: bakteria wa umbo la uzi, maelfu ya seli zilizopangwa kwa mstari mmoja, mrefu zaidi ya sentimita. Majaribio yalikuwa ya moja kwa moja. Walipokata tope kwa mlalo kwa waya mwembamba, mkondo ulikufa. Walipoweka kichujio ambacho matundu yake ni madogo mno kwa bakteria kupita, mkondo haukutokea, ingawa kemikali ziliendelea kupita. Seli za chini hula salfaidi, za juu hupumua oksijeni, na zote ni kiumbe kimoja.

Mwaka 2019 Filip Meysman na wenzake waling'oa ala ya protini ya uzi mmoja, wakaiunganisha na elektrodi, wakapima. Upitishaji ulizidi simensi 20 kwa sentimita, kwenye kipande cha hadi sentimita moja. Hiyo ni daraja la plastiki zinazotengenezwa mahsusi kupitisha umeme. Mwaka 2021 uchambuzi wa kikemia ulionyesha kwamba nyuzi za ndani ya ala hiyo zina nikeli iliyoshikwa na salfa, wala hazina hemu za kutosha kueleza mkondo. Sentimita moja ni nanomita milioni 10. Mstari wa vituo wa kawaida, kwa umbali huo, ungehitaji makabidhiano mengi na ya haraka kiasi kwamba hesabu zinazoifaa OmcS zinapata taabu hapa.

Umuhimu wake haukai maabara tu. Katika ziwa Grevelingen la Uholanzi bakteria hawa huacha tabaka la chuma kilichooksidika juu ya tope, na tabaka hilo huizuia salfaidi isitoke kuua samaki oksijeni inapopungua wakati wa kiangazi. Mwaka 2020 jaribio la vyungu vya mpunga lilionyesha methani ikipungua kwa asilimia 93 baada ya kupandikizwa bakteria wa kebo. Vyungu si mashamba, na asilimia hiyo isichukuliwe kama ahadi kwa mkulima.

Namna ya kupima dai jipya

Historia hii inatoa maswali matatu ambayo dai lolote la waya wa kibiolojia linapaswa kujibu. La kwanza: umbali ukiongezeka, kasi inashuka vipi? Swali hilo ndilo lililotatua DNA, Giese alipohesabu jozi moja moja. La pili: joto likibadilika, mkondo unafuata vipi? Hili linasaidia lakini linadanganya. Ndilo lililowafanya watu waone metali kwenye nyuzi za Geobacter, ambazo ni mnyororo wa hemu. La tatu: wabebaji ni akina nani, na kila mmoja yuko umbali gani na jirani yake? Pale lilipojibiwa kwa umbo linaloonekana, mabishano yalipungua. Pale lilipoachwa wazi, kila kundi liliendelea na jibu lake.

Bakteria wa kebo wamejibu la kwanza kwa namna inayoshangaza: mkondo wao unafika mbali mno. Kwa la pili, vipimo vya mwaka 2020 vilionyesha kwamba upitishaji hushuka kidogo kidogo kadiri joto linavyoshuka, tabia ya hatua zinazohitaji msukumo mdogo wa joto, wala si ya metali. La tatu halijajibiwa. Nikeli imeonekana, umbo la protini inayoishika bado. Kwa hiyo kuwaita waya leo ni kurudia kosa la mwaka 2011 kuhusu Geobacter, na kusema ni mpokezano kama wa hemu ni kudai zaidi ya data iliyopo. Ninachotarajia ni mpokezano ambao vituo vyake vimekaribiana kiasi kwamba elektroni inajitandaza juu ya vingi kwa wakati mmoja, kama pengo la Schuster kwenye DNA, ila lililotengenezwa imara na nikeli. Utabiri huo unaweza kuonyeshwa kuwa si kweli siku umbo litakapopatikana, na hilo ndilo linaloufanya ustahili kuandikwa.